Manyani Wawili wa Liwali

Katika vitabu vya Shaaban Robert vya nchi za kubuni, Adili na Nduguze ndicho kinachoazimwa zaidi na watoto wa kanisa letu hapa Butiama, na ndicho kinachogombaniwa zaidi na watu wazima. Kimekwisha kutolewa katika kabati la shule ya Jumapili na kurudishwa. Wapo wazee wanaosema ni hadithi ya majini, haina kazi kanisani. Wapo walimu wanaosema ni kitabu dhaifu kuliko vyote vya mwandishi yule, na kwamba tukitaka kuwapa watoto Shaaban Robert tuwape Kusadikika. Na wapo akina mama wa kikundi chetu cha kusoma ambao kisa chenyewe hakiwasumbui hata kidogo, bali wanaulizia jambo moja tu: ile mijeledi ya usiku. Tumelizungumza jambo hili kwa muda mrefu, na tunaona lina uzito wa kuandikwa, kwa sababu swali lililo ndani yake ni la imani kabla ya kuwa la fasihi.

Kwanza tuweke vitabu mahali pake. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, Adili na Nduguze 1952, na Kufikirika, ambacho marehemu alikiandika mapema zaidi, kilichapishwa 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Havifuatani kwa maana ya kwamba mtu anatoka kitabu kimoja akaingia kingine. Hata hivyo wasomaji wengi huvihesabu kama ndugu watatu, kwa sababu vyote vina nchi isiyo katika ramani, mfalme, watu wenye majina ya tabia zao, na mwandishi anayesimama kila baada ya kurasa chache kutoa mawaidha. Kusadikika ni nchi inayoelea angani, na humo Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Kufikirika ni ya mfalme asiye na mrithi, ambaye anaambiwa mjinga na mwerevu watolewe kafara. Hivyo viwili vinahusu utawala, na kwa hiyo vyuoni vimeandikiwa mengi. Adili na Nduguze kinahusu nyumba moja na watoto wa baba mmoja, nacho kimeachiwa shule za msingi. Tunadhani hapo ndipo ilipoanzia sifa yake ya kuwa kitabu kidogo.

Kwa msomaji ambaye hajakisoma, kisa ni hiki. Ikibali, mjumbe wa Rai, mfalme wa Ughaibu, anafika Janibu kwa kazi ya kodi. Liwali wa Janibu ni Adili, mtu mwema anayesifiwa na kila mtu. Usiku mjumbe anaona ajabu: liwali yule mpole anaingia mahali walipofungwa manyani wawili, anawachapa kwa mjeledi mpaka wanalia, kisha anawabembeleza na kuwalisha. Habari inafika kwa mfalme. Adili anaitwa aeleze, na maelezo yake ndiyo kitabu chenyewe. Manyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Walipoteza mali yao, akawagawia yake. Walisafiri pamoja wakafika Mji wa Mawe, ambako watu wote wamegeuka mawe na aliyesalia hai ni binti mmoja, Mwelekevu. Kwa wivu, ndugu wale wakamtosa Adili baharini. Aliokolewa na Huria, wa jamii ya majini, aliyekuwa na deni la wema kwake. Huria ndiye aliyewageuza wale wawili kuwa manyani, na ndiye aliyemwamuru Adili awachape kila usiku. Rai anaingia kati ili adhabu ikome, ndugu wanarudishiwa umbo la watu, wanatubu, na kitabu kinafungwa kwa upatanisho.

Lawama ya kwanza tunaipitia upesi. Wanasema majini hayana nafasi katika mafundisho ya watoto wa Kikristo, na kwamba mwandishi mwenyewe alikuwa Mwislamu. La pili ni kweli, na halitusumbui. Mtu wa Vibambani, Tanga, aliyemwandikia kila mtoto wa nchi hii juu ya Mungu mmoja, haki na toba, hatumwulizi cheti cha ubatizo kabla ya kumsikiliza. Kuhusu majini, tunawakumbusha wazee wetu kwamba Yothamu, katika Waamuzi sura ya 9, aliwahubiria watu wa Shekemu kwa hadithi ya miti inayotafuta mfalme, na hakuna aliyemwona mchawi kwa kuifanya miti iseme. Mtoto wa miaka tisa anajua tofauti ya hadithi na habari, pengine kuliko sisi.

Lawama ya pili ina nguvu zaidi: kwamba kitabu kimeazimwa. Aliyesoma Alfu Lela U Lela anaijua hadithi ya Abdallah bin Fadhil na ndugu zake, iliyo katika zama za Harun al-Rashid, na atakuta mjumbe wa kodi, mapigo ya usiku, mji wa mawe na ndugu waliotoswa katika wivu wao wenyewe. Walimu wawili katika kikundi chetu wanaona hilo linatosha kukishusha kitabu daraja. Sisi tunaona linampa msomaji kazi nzuri ya kufanya, yaani kutazama mkono wa mwandishi ulibadilisha nini. Kule, ndugu wamegeuzwa mbwa, hapa, manyani. Kule, baada ya kusamehewa na kurudi kuwa watu, ndugu wanajaribu tena kumwua Abdallah, na mwisho wao ni kuuawa. Hapa Shaaban Robert amekata. Amekataa usaliti wa pili na amekataa kifo. Aliyeazima nguo akaipunguza mahali hapo hasa alikuwa na sababu, na sababu hiyo tunaipenda. Alikuwa na mbele yake hadithi inayofundisha kwamba mwovu habadiliki, akaiandika upya ili abadilike.

Hata manyani yale yana maana kwetu kuliko mbwa. Hapa kwetu kwenye vilima vya mawe, nyani ni mwizi wa mahindi. Watoto wetu wanajua kulinda shamba kwa kelele na mawe, na wanajua hasira ya kukuta muhogo umeng'olewa kabla ya wakati wake. Tulipowasomea sura ya mijeledi walicheka. Nyani anachapwa, nani amhurumie? Kicheko kile kiligeuka kimya walipofika mahali panapojulikana kwamba nyani ni kaka. Mwandishi ambaye hakuwahi kukaa kwenye vilima vyetu alitega mtego, na watoto wa Kizanaki wakaingia ndani yake. Kitabu dhaifu hakiwezi kufanya hivyo.

Lawama ya tatu ni ya majina. Hasidi ni hasidi, Mwivu ana wivu, Adili ni mwadilifu, na kwa hiyo, wanasema wakosoaji, mwisho unajulikana tangu jalada. Wahakiki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa wakizipima kazi za Shaaban Robert tangu miaka ya 1970. Sengo alitoa kitabu kizima cha uhakiki 1975, na Kezilahabi akamfanya mada ya tasnifu yake mwaka uliofuata. Basi hatusemi jipya tukikiri kwamba watu wa hadithi hii hawana vivuli. Ila tunaona majina yana hatari nyingine ambayo ni ya kanisani zaidi. Mtoto akiitwa Mwivu tangu kuzaliwa, wivu wake si dhambi tena, ni jina. Hakuchagua kitu. Na mtu asiyechagua kosa, toba yake ataichagua vipi? Hapa ndipo tunapoanza kutofautiana na wale wanaokisifu kitabu bila kipimo.

Tufike sasa kwenye mjeledi, ambao ndio uliotufanya tushike kalamu.

Hakuna jambo katika kitabu hiki lililoandikwa vizuri kama usiku ule wa kwanza. Mtu mwema ana kazi mbaya, anaifanya kila usiku, na baada ya kuifanya anawakumbatia aliowapiga. Hajifurahishi wala hajitetei. Ameamriwa. Mama mmoja wa kikundi chetu alisema hajawahi kusoma picha ya kweli zaidi ya nyumba zetu, kwa kuwa huku kwetu mkono unaochapa na mkono unaolisha ni mmoja, na mtoto hujifunza kuusubiri wa pili huku akivumilia wa kwanza. Mwenzake akamjibu kwamba hilo ndilo linalomtisha. Mtoto akisoma kwamba mwadilifu huchapa huku analia, atakua akiamini machozi ya mchapaji yanahalalisha fimbo.

Tumeyapima maneno yote mawili. Nchi yetu ina historia na kiboko, na Butiama haiwezi kujifanya haimo. Sheria ya mwaka 1963 ya adhabu za chini, chini ya serikali ya Mwalimu, iliweka viboko 24 kwa wala rushwa na wezi wa mali ya umma, 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Watu wazima wa hapa wanaisimulia mpaka leo, wengine kwa kujivunia. Shuleni kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na kila mzazi anajua kama hesabu hiyo hushikwa. Kwa hiyo mtoto wetu hasomi mijeledi ya Janibu kama ajabu ya nchi za mbali. Anasoma habari za jana.

Je, kitabu kinaukubali mjeledi? Tunasema hapana, na ushahidi wetu ni Rai. Mfalme anaposikia kisa, hamsifu liwali kwa utii wake. Anataka mapigo yakome. Kama mwandishi angekuwa anafundisha kwamba fimbo ya usiku huponya wivu, angewaacha manyani wapigwe mpaka wapone, na adhabu yenyewe ingezaa matunda. Haifanyi hivyo. Kilichowarudisha watu wale ni mtu wa tatu kuingia kati, mwenye cheo, asiye na kisasi, aliyeomba kwa niaba yao. Msomaji wa Waraka kwa Waebrania hahitaji kuambiwa zaidi.

Lakini hapa hapa ndipo upungufu wa kitabu unapoonekana, nao ni mkubwa kuliko majina na kuliko kuazima. Manyani wanalia, hawasemi. Tangu wanapogeuzwa mpaka wanaporudi, tunawaona kwa nje tu, kwa macho ya Ikibali, ya Adili, ya mfalme. Hatujui Hasidi anawaza nini anapolishwa na mkono aliousukuma baharini. Hatujui kama Mwivu usiku wa mia anachukia zaidi au anachukia kidogo. Toba yao tunaipokea kama habari iliyoletwa, hatukuiona ikikua. Kitabu kilichojaa hotuba nzuri kimewanyima hotuba wale wawili waliozihitaji zaidi.

Linganisheni na Mwanzo. Ndugu wa Yusufu nao walimtupa shimoni na kumwuza, na Yusufu naye aliwatesa kidogo alipowapata: akamfunga Simeoni, akaficha kikombe katika gunia la Benyamini. Mpaka hapo hadithi mbili zinakwenda sambamba. Kisha, katika sura ya 44, Yuda anasimama. Mtu yule yule aliyetoa shauri la kuuza ndugu anajitoa awe mtumwa badala ya ndugu mdogo, kwa sababu hawezi kutazama uso wa baba yake. Hotuba ile ni ndefu, nayo ni kipimo cha hadithi nzima, maana ndipo Yusufu anaposhindwa kujizuia. Msamaha wa sura ya 45 unasimama juu ya maneno ya Yuda. Adili na Nduguze hakina Yuda. Kina Yusufu na kina Farao mwema, na kati yao wamo wanyama wawili wanaolia.

Au mtazameni Nebukadneza katika Danieli 4. Naye aligeuka kama mnyama akala majani, na sehemu kubwa ya sura ile ni yeye mwenyewe anayesimulia, anasema alivyoinua macho na akili zikamrudia. Mnyama amepewa kalamu.

Mwaka ule ule wa 1952, huko Uingereza, C. S. Lewis alichapisha kitabu cha safari ya baharini, The Voyage of the Dawn Treader, katika mfululizo wake wa hadithi saba za watoto za nchi ya Narnia. Humo yumo mvulana msumbufu, Eustace, anayelala juu ya hazina ya joka akiwa na mawazo ya uchoyo, na anaamka akiwa joka. Wasomaji wa mfululizo ule nao hubishana ni kitabu kipi bora na kipi kimeharibika, na cha mwisho, kilichotoka 1956, kina maadui wengi kuliko vingine, hasa kwa jinsi kinavyomwacha nje dada mmoja, Susan. Lakini sura ya joka hata wakali wengi huiheshimu. Sababu ni kwamba tunaingia ndani ya ngozi. Tunajua kikuku alichovaa akiwa mtoto kinavyombana mkono uliovimba. Tunajua upweke wake. Tunamwona akileta mti mzima uwe mlingoti wa merikebu, kwa sababu kwa mara ya kwanza anataka kufaa kitu. Anajaribu kujichuna ngozi mwenyewe na hawezi. Simba Aslan ndiye anayemchuna, na inauma. Hakuna aliyemchapa. Maumivu yapo, lakini ni maumivu ya kuvuliwa, si ya kupigwa, na mtoto anayesoma anaijua tofauti mwilini.

Hatusemi Lewis ni mwandishi mkubwa kuliko Shaaban Robert. Kiswahili cha Adili na Nduguze, kilivyopangwa sentensi kwa sentensi kama mtu anayepanga matofali yaliyochomwa vizuri, ni zawadi ambayo watoto wanaozungumza Kizanaki nyumbani hawataipata katika vitabu vingi vya leo. Ndiyo, kina maneno magumu. Tulilazimika kusimama mara nyingi kueleza. Lakini wiki ya pili tuliwasikia watoto wakiyatumia maneno yale mtoni, wakitukanana kwa ufasaha. Tunachosema ni kwamba katika jambo moja, la kumpa aliyekosa nafasi ya kusema, kitabu chetu kimeshindwa mahali ambapo cha Mwingereza kimefaulu, na jambo hilo ndilo moyo wa hadithi yenyewe.

Mtu akituambia kwamba tunadai mno kutoka hadithi ya watoto, tutamwonyesha kitabu kilichotoka katika kalamu ya mtu wa hapa hapa. Mwalimu Nyerere alipofasiri tamthilia ya Shakespeare kuwa Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa 1969, alichagua kazi ambayo ndani yake sheria na huruma zinavutana mahakamani. Na humo Shylock, anayekuja kudai ratili ya nyama, amepewa maneno. Anasema alivyodharauliwa, anasema naye ana mwili kama wao. Mwisho wake haututulizi sisi Wakristo, maana analazimishwa kubatizwa na mahakama inaiita hiyo huruma. Lakini amesikika. Msomaji hawezi kutoka pale akidai hakujua kilichokuwa moyoni mwa mshitakiwa. Hasidi hakupata hata hicho.

Kwa hiyo katika ubishi wa kikundi chetu tumesimama hivi. Kwa wanaosema Adili na Nduguze ndicho dhaifu katika vitatu, tunajibu kwamba ndicho chenye swali gumu zaidi. Kusadikika kinauliza nani atasema kweli mbele ya wakubwa, na jibu lake tunalijua hata kama hatulitendi. Adili na Nduguze kinauliza utamfanyia nini ndugu aliyejaribu kukuua, akiwa amefungwa ndani ya nyumba yako, na mjeledi umepewa wewe. Kwa wanaokisifu tu, tunajibu kwamba swali hilo kimelijibu nusu. Kinajua aliyekosewa anavyoumia na kinajua mwombezi anavyohitajika, lakini hakijui, au hakikutaka kujua, mkosaji anavyogeuka.

Walimu wa shule ya Jumapili wameamua kukirudisha kabatini na kukisoma kwa Jumapili nne, sura za mijeledi zikisomwa na mtu mzima kwa sauti, si na mtoto peke yake. Jumapili ya tatu wanafunga kitabu mahali ambapo manyani bado ni manyani, na kila mtoto anapewa nafasi ya kusema maneno ambayo Hasidi angeyasema kama angeweza, na Mwivu vivyo hivyo. Wengi huomba radhi upesi upesi, kama wanavyofundishwa. Safari iliyopita msichana mmoja wa darasa la tano alikaa kimya mpaka wenzake wakaanza kumcheka, kisha akasema Hasidi angeuliza kwanza kama Adili bado anaogopa maji. Wazee wawili waliokuwa wakipinga majini walikuwepo. Mmoja wao aliazima kitabu siku hiyo, na hadi tunaandika haya hajakirudisha.